Mke wa Aliyesema Redioni

Mume wangu alikwenda kituo cha redio kutengeneza soketi, akarudi ameshaliumbua kanisa langu mbele ya mji mzima. Ndivyo alivyo. Ukimwita akubadilishie balbu, ujue na ukuta utapasuliwa.

Mimi nilikuwa kwenye duka langu la mikate, mikono imezama kwenye unga hadi viwiko, redio iko juu ya rafu inapiga kelele zake za kila siku. Ni kile kipindi cha asubuhi ambacho mtangazaji huongea na yeyote atakayejipitisha mbele yake. Mara nasikia sauti ninayolala nayo kitanda kimoja. "Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la ubatizo katika kanisa lile," inasema, kifua mbele, "kwa hiyo siongei ya kuambiwa." Akaanza. Eti kanisa letu linaendeshwa kwa hofu. Eti mtu akiteleza anasimamishwa mbele ya watu kama mwizi wa kuku. Hayo nilikuwa nimeshayasikia mezani tangu alipoacha kusali nasi mwaka jana. Nilikuwa nimeshamjibu, alikuwa ameshaninunia, na yalikuwa yameshaisha. Lakini leo akaongeza. "Mke wangu anaijua Biblia kuliko wazee wote wa pale, ila kule hana sauti. Ni spika ambayo haijaunganishwa."

Watu waliokuwa wakisubiri mikate wakanigeukia. Mama mmoja akauliza kwa upole, "Si wewe huyo?" Nikamwambia mkate wake uko tayari, alipe aende. Unga wa siku ile niliukanda mpaka msaidizi wangu akaniuliza umenikosea nini.

Nieleweke vizuri. Mimi sikuburutwa kuingia kanisani. Sketi ndefu navaa kwa sababu nazipenda, na upepo nao siuamini. Kwetu wanawake hatusimami mbele kuhutubia mkutano. Tunafundisha watoto, tunaimba, tunatembelea wagonjwa, na kila mtu anajua kwamba bila sisi lile jengo lingebaki kuwa ghala la viti. Jambo hilo nimelisoma mwenyewe, nikalipima, nikalikubali. Sasa mtu atoke huko na bisibisi yake aniite spika.

Jioni nilimkuta amekaa, anang'aa kama aliyeshinda uchaguzi.

"Umenisikia?" akaniuliza.

"Mji mzima umekusikia. Nani alikwambia mimi ni spika?"

"Mama watoto, nilikuwa nakutetea."

"Uliniuliza kama nataka kutetewa?"

Akaanza kukuna kidevu. Ile ndiyo dalili yake ya kuishiwa hoja. Nikampakulia chakula, nikakaa mbele yake, nikamsema kuanzia kijiko cha kwanza hadi cha mwisho. Yeye akanijibu, mimi nikamkatiza, tukacheka mahali fulani katikati bila kupanga. Sisi ndivyo tunavyoishi. Mimi natoka kabla hajaamka, yeye anarudi akiwa hoi, na usingizi wake haubishi hodi. Ndoa yetu yote iko pale mezani. Tukiwa na la kuambiana, tunaambiana pale.

Keshokutwa yake kaka yangu akaja dukani. Kaka ndiye kiongozi wa wazee wa kanisa. Mtaani wanamwita Kifungu, kwa sababu hawezi kuomba hata chumvi bila kutaja kifungu cha Maandiko. Ni mtu mnyoofu kupindukia. Hajawahi kupita foleni ya mtu, hajawahi kusema uongo hata wa kumfurahisha mgonjwa. Alikaa kwenye kiroba cha unga, kofia magotini, akasema hawezi kukaa muda mrefu. Kwake hiyo ina maana kwamba atakaa.

"Shemeji yangu ametupaka matope," akasema.

"Nimesikia."

"Wazee wamekaa. Tumeona tumjibu, na atakayemjibu ni wewe." Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa vizuri, imechapwa. "Jumapili utasimama mbele usome haya. Tumemwalika yule mtangazaji aje na kinasa sauti chake."

Nikafuta mikono kwenye aproni. "Mbele? Ile mbele ambayo wanawake hatusimami?"

"Ni kwa ruhusa maalumu."

Nikaisoma karatasi. Ilianza hivi: *Mimi, kwa hiari yangu na bila kushurutishwa na mtu yeyote.* Nikamtazama kaka yangu.

"Hiari yangu mmekaa kikao gani mkaiandika?"

"Usinifanyie mzaha, mdogo wangu. Endelea kusoma."

Nikaendelea. Ilisema mume wangu ni mwongo. Ilisema amesukumwa na chuki na tamaa ya sifa. Mwisho ilisema wanawake wa kanisa letu wana uhuru wote wa kusema wanachotaka. Nilikaribia kucheka, lakini sura ya kaka ilikuwa haichekeki.

"Na nisiposoma?"

Akageuza kofia magotini mara kadhaa. "Ukisoma, tutamwacha. Tutasema mke wake amemjibu, yameisha. Usiposoma, Jumapili hiyohiyo tutamtenga. Hatuwezi kuonekana tumenyamaza."

Kutengwa kwetu si maneno matupu. Aliyetengwa, hakuna muumini anayekaa naye meza moja. Unamsalimia, unamsaidia akiumwa, lakini huli naye mpaka atubu. Na mume wangu kutubu alichokisema redioni, labda umeme uanze kwanza kuuzwa kwenye chupa.

"Hata mimi mke wake?" nikauliza.

"Utampikia. Utampakulia. Ila hutakaa naye."

"Kaka, unajua unachoniomba?"

"Najua," akasema kwa upole, maana ni kaka yangu kweli na alinilea yeye. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Akaondoka na mkate, akaulipia kwa bei ileile ya watu wote. Mimi nikabaki na karatasi. Nilikasirika, sifichi. Nilimkasirikia kaka kwa kuniweka njia panda, na nikamkasirikia mume wangu kwa kunipeleka pale njia panda. Wanaume wawili wananipenda, na kila mmoja amenitungia maneno ya kusema.

Nilipomweleza mume wangu, hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha. Aliichukua karatasi, akaisoma pole kwa pole, akairudisha mezani na kuinyoosha kwa kiganja.

"Soma tu," akasema.

"Imeandikwa wewe mwongo."

"Nimeona. Soma. Mimi nitavumilia kuitwa mwongo. Kula peke yangu hapa, nikuangalie umesimama pale jikoni na sahani yako, hilo sitaliweza."

Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Angebisha ningejua pa kumshikia. Usiku wote niligeuka huku na huku. Mume wangu alikuwa amekosea kunihusu, hilo nilikuwa na hakika nalo. Lakini mtu anaweza kukosea bila kuwa mwongo, na yeye alisema alichokiamini. Nikisoma ile karatasi, mwongo pale mbele nitakuwa mimi.

Jumapili nilivaa nguo yangu ya bluu na viatu visivyonibana, nikaenda. Kwetu wanaume hukaa upande wa kulia na wanawake kushoto. Upande wa kulia kuna nafasi za kunyoosha miguu. Upande wa kushoto tunabanana mpaka watoto wanakalishwa madirishani. Mtangazaji alikuwa amekaa nyuma na mashine yake, suruali imembana, anatabasamu kwa kila mtu.

Baada ya nyimbo kaka akasimama. Akaeleza kwamba kanisa limesemwa hadharani na mtu aliyekula na kunywa nasi, na kwamba leo atajibiwa na mtu wa nyumbani mwake. Akaniita.

Nilitembea hadi mbele, sikupanda jukwaani, nikasimama chini kwenye sakafu. Karatasi ilikuwa mkononi. Nilikuwa nimeshaamua, na mtu akishaamua anakuwa mwepesi.

"Wazee wangu," nikasema, "tangu nikiwa mtoto mmenifundisha kwamba mwanamke asisimame kuhutubia mkutano. Mimi ninaamini hivyo. Siamini kwa kuogopa, ninaamini kwa kuwa nimesoma. Sasa siwezi kuivunja sheria yetu ili niwasaidie kuitetea."

Nikaiweka karatasi juu ya meza mbele ya kaka yangu, nikarudi kukaa.

Kaka alibaki ameitazama ile karatasi kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Kisha akajikaza. Alikuwa ameshasema kwamba nisiposoma atamtenga, na kaka yangu akisema amesema. Akamtaja mume wangu kwa kazi yake na kwa miaka aliyofundisha, akalisoma tangazo la kumtenga, neno kwa neno, mpaka mwisho. "Na mkutano wote useme Amina," akamalizia.

Hapo lazima nieleze. Wazee wanapendekeza kumtenga mtu, lakini anayetenga ni mkutano, na mkutano hutenga kwa Amina. Bila Amina hakuna kitu. Hakuna aliyewahi kuliwazia hilo, kwa sababu Amina haijawahi kukosekana. Sisi wanawake ndilo neno letu la pekee ibadani, na tunalitumia vizuri. Wifi yangu, mke wa kaka, huwa anasema Amina hata ikitangazwa kwamba kuna funguo zimeokotwa chooni.

Upande wa kulia ikatoka Amina. Ilikuwa nyembamba, ya wanaume wachache wenye makoo makavu, na ilipojikuta iko peke yake ikakatika kabla haijafika mwisho.

Upande wa kushoto hakuna aliyesema.

Naapa sikumwambia mtu. Sikunong'ona na yeyote, sikukonyeza. Nilikuwa naangalia mbele tu, nikingoja kusikia sauti ya wifi yangu, maana amekaa ubavuni kwangu kabisa. Wifi yangu alikuwa amefumba mdomo na anaangalia viatu vyake. Nyuma yetu kina mama wote, vikongwe kwa wasichana, wametulia tuli, mikono mapajani, wanamtazama kaka yangu kwa heshima zote.

Kaka akakohoa. Akalirudia tangazo kwa sauti kubwa zaidi. "Na mkutano wote useme Amina."

Safari hii hata wanaume hawakuthubutu. Mtoto mmoja dirishani akapiga chafya, mama yake akamfuta pua.

Nilimwonea huruma kaka yangu, kweli tupu. Mwingine angesema Amina ya wanaume inatosha, na nani angempinga? Au angejifanya amesikia. Yeye alisimama pale, mtangazaji akimwelekezea mashine, akaikunja ile karatasi ya tangazo na kuitia mfukoni.

"Mkutano haujakubali," akasema. "Jambo hili limeishia hapa." Akataja namba ya wimbo wa kufungia, na ule wimbo tuliuimba mpaka vioo vikalia.

Nje mtangazaji alinikimbilia aniombe neno moja kwa wasikilizaji. Nikamwambia neno langu ameshalirekodi. Wifi yangu alikuwa anafunga kamba za kiatu cha mtoto wake muda mrefu kuliko kiatu chenyewe. "Koo lilinikauka," akaniambia bila kuinua kichwa. Nikamwambia anywe maji ya uvuguvugu.

Nyumbani mume wangu alikuwa amepika maharage. Sahani yangu ilikuwa mezani mahali pake. Ya kwake alikuwa ameiweka juu ya kigoda karibu na dirisha, na kiti chake amekigeuzia kulekule. Alikuwa ameshajua nisingesoma. Mtu ambaye hasali nasi, aliyesema yote yale redioni, alikuwa amejitenga mwenyewe ili mimi nisije nikavunja ninachokiamini. Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke. Nikaichukua ile sahani, nikairudisha mezani.

"Hawakukutenga," nikamwambia. "Kaa ule."

Nikamsimulia. Alikuwa bado hajafunga mdomo tuliposikia hodi. Ni kaka, peke yake, kofia mkononi, uso umemvimba kwa hasira.

"Mkutano haukukubali," akasema akiwa mlangoni. "Kwa hiyo sina haki ya kuikimbia meza hii. Kuna chakula?"

Nikampakulia. Akaombea chakula, mume wangu akasubiri, wakaanza kula bila kutazamana. Haikuchukua muda.

"Ulimsema dada yangu redioni bila kumuuliza," kaka akasema.

"Na wewe, shemeji, ukamwandikia maneno, ukayaita hiari yake."

"Mimi nililinda kanisa."

"Na mimi nilimlinda yeye."

Nadhani kila mmoja alijisikia kwenye mdomo wa mwenzake. Kaka akaweka kijiko chini, akanigeukia, na alikuwa na ule uso wake wa zamani, wa wakati ananifundisha kusoma.

"Leo pale mbele," akauliza, "kama ingekuwa ni halali kwako kusema, ungesema nini?"

Mume wangu naye akaacha mkate. "Hata mimi sijui," akasema. "Miaka yote hii, na sijui."

Nikavuta kiti karibu na meza. Nikaanza na kaka yangu kwa sababu ndiye mkubwa, kisha nikamgeukia mume wangu, kisha nikawarudia wote wawili kwa pamoja. Maharage yalipoa kwenye sahani, na hakuna kati yao aliyegusa kijiko mpaka nilipomaliza.