Kando ya Suke

Mpira ulimpita mpigaji, ukampita Bundi aliyeruka kuudaka, ukagonga mabati ya jiko la shule kwa kishindo kilichowatoa wapishi nje. Ilikuwa mara ya tatu asubuhi hiyo.

"Wee Ireri!" Bundi alivua kinga ya waya usoni. "Hao wapishi wamekukosea nini? Mimi niko hapa. Mkubwa hivi, na bado hunioni?"

 Ireri alipiga teke udongo, joto likampanda masikioni. Kati ya Meru na Embu hapakuwa na mkono wenye kasi kama wake. Hata waliomchukia walikiri hivyo. Miaka miwili alikuwa mrushaji wa timu ya Kaaga, siku za kazi akipasua kuni za jiko hilohilo, na miaka miwili mpira ulienda ulikotaka. Katika besiboli, mrushaji akirusha nje mara nne, mpigaji hupewa njia bure. Timu nyingine zilikwisha kumjua. Wapigaji wao walisimama tu, fimbo begani, wakingoja akosee.

Jumamosi angekuja mteuzi wa timu moja ya Nairobi kutafuta mrushaji mmoja. Mmoja tu. Ireri alikuwa na miaka ishirini na sita, na hakudanganyika: mwakani wangetaka damu changa.

Mfukoni alikuwa na barua ya dada yake Wanjira, kutoka Kiambere. *Ndege wa kwelea wameshuka shambani. Mawele yameanza kukaza punje. Mguu wa mama umevimba, na mimi nimejifungua juzi tu. Njoo.* Alikuwa ameisoma mara kumi, na kila mara aliikunja ikawa ndogo zaidi.

Mwalimu Muthamia, kocha wao, alimjia taratibu, mikono nyuma.

"Ni nani alikufundisha kurusha?"

"Mama."

"Kumbe mama yako ni mchezaji!" Bundi akadakia.

"Nyamaza wewe. Alikufundishia wapi?"

"Juu ya dungu, Mwalimu, lile jukwaa la kulindia shamba la mawele. Unarusha donge la udongo, ndege wanaruka."

"Unawapiga?"

"Hapana!" Ireri alishtuka, kana kwamba ameulizwa kama huiba. "Ukilenga ndege utavunja suke, na suke ndilo chakula. Donge lazima lipite kando. Siku nikivunja hata moja, nalala bila uji."

 Mabega ya Muthamia yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Kijana, tangu utotoni umefundishwa kukosa. Na umefuzu."

Ireri alitamani kumpiga ngumi. Siku nne zilizofuata, kila alipopumzisha shoka, alisimamisha gogo juu ya rundo la kuni akalirushia. Mpira ulipita kando. Kushoto kidole kimoja, kulia vidole viwili, na gogo likabaki limesimama likimkejeli.

Jumamosi mpigaji wa kwanza alitembea bure. Wa pili pia. Chini ya mwavuli, mteuzi alifunga daftari, akamwomba mtu chai.

Bundi alikuja mbio hadi pale alipokuwa Ireri. Safari hii hakucheka. Aliinua glavu mbele ya kifua chake.

"Suke ni hili. Umeliona? Livunje. Uji nitakupikia mimi."

Ireri alifikiria barua. Alifikiria mama yake chini ya dungu, akipiga debe na kupaza sauti kwa ndege wasiosikia. Hasira ikamjaa, hata yeye hakujua ni ya kumkasirikia nani, na akairusha yote.

Glavu ikalia pa!

Bundi alikung'uta mkono, akitabasamu kwa maumivu. Ikalia tena. Na tena. Wapigaji watatu mfululizo walirudi walikotoka, na daftari likafunguliwa.

"Jumatatu, saa kumi jioni, Nairobi," mteuzi alimwambia mwishoni. "Ukichelewa nachukua yule wa Embu."

Jumapili alasiri alikuwa Kiambere. Alitundika mfuko wake kwenye nguzo ya dungu, glavu ikichungulia, akapanda hata kabla ya kunywa maji. Mama yake, Celina, alikuwa amekaa chini, mguu ameunyoosha juu ya gunia.

"Umekuja kukaa?"

"Nimekuja, mami."

"Hilo naliona. Nimekuuliza kama umekuja kukaa."

Kundi la kwelea likashuka kabla hajajibu, zito, likizomea, likatua upande wa bwawa. Ireri akanyakua donge.

"Kando!" mama alipaza sauti. "Kando, Ireri!"

Mkono ukaenda. Ndege wakaruka wote kwa pamoja, na katika nafasi waliyoiacha suke moja lilikatika shingo, likaanguka.

Celina alijikokota katikati ya mabua akaliokota. Alilifikicha viganjani, akapuliza makapi, akatazama punje laini zilizobaki. Kisha akatazama glavu pale nguzoni, na mwisho mwanawe.

"Mkono huo si ule niliokupa."

"Ndiyo, mami."

Alizitia punje kinywani, akatafuna polepole. Akashika ngazi ya dungu, akauinua ule mguu mbaya hadi kipago cha kwanza.

"Shuka," alisema. "Nipishe nipande, nawe uende na huo mkono wako."

Ireri hakusogea. Donge la pili lilikuwa likimkaukia kiganjani, na kule juu ya maji ya bwawa kundi likageuka, likaanza kurudi.