Kibao cha Uani

Kabla ya kumgusa Mkunga, Fundi aliweka viganja vyake karibu na birika la chai mpaka vikapata joto. Asubuhi ilikuwa na ubaridi, na ngozi ya mtu anayeshinda kitandani haipendi kushtuliwa. Kisha akashika pembe za shuka upande wa ukutani, na Dobi akashika pembe za upande wa mlangoni. Wakavuta taratibu, bila kuburuza, na bibi kizee akageuka kama mtu anayegeuzwa na usingizi wake mwenyewe.

"Dobi, mikono yako inanuka sabuni," alisema Mkunga.

"Shukuru Mungu, mama. Jana nilikuwa nafua aproni za buchani."

Mkunga alicheka kidogo, kwa sababu kucheka sana kulimuuma mgongo. Alikuwa amezalisha nusu ya mtaa ule, yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto, na tangu alipoanguka bafuni miguu yake ilikuwa imekataa kazi. Vidonda vya kulalia vilikuwa vimemwanza kiunoni. Kimoja kilikuwa kimefikia ukubwa wa kifuniko cha chupa. Muuguzi wa zahanati alisema ageuzwe mara kwa mara, mchana na usiku, na kama ingewezekana apatiwe godoro la hewa, lile linalojaa upande huu na kunywea upande ule, ili nyama isipondeke mahali pamoja.

Kumgeuza waliweza. Fundi, aliyeshona nguo barazani nyumba ya tatu kutoka pale, alikuwa amewapangia majirani zamu. Mama Mkaa alikuja mchana, na kabla ya kuingia chumbani alivua nguo zake zenye masizi akavaa gauni safi alilolitundika nyuma ya mlango kwa kazi hiyo tu. Wengine walikuja usiku. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyewahi kusema amechoka mbele ya mgonjwa. Wakajiita kikundi, kwa kuwa kila aliyewauliza wanafanya nini alitaka kwanza kusikia jina.

Godoro ndilo lililowashinda. Wakasikia kwamba halmashauri hutoa ruzuku kwa vikundi vidogo vya mtaani, na Fundi akaenda kuomba.

Afisa aliyekuja kuwahoji aliitwa Bwana Awamu, kwa sababu kwake kila kitu kilikuja kwa awamu. Hata chai aliyopewa alikunywa nusu, nusu akaiacha ipoe. Alikaa uani kwa Mkunga kwenye kigoda cha Fundi, wanakikundi wamemzunguka.

"Mnaomba nini?"

"Godoro la hewa," alisema Fundi.

"Sawa. Na ruzuku ikiisha, kitu gani kitabaki? Halmashauri inataka kuona kitu kinachobaki."

"Godoro litabaki."

"Godoro huchakaa, dada."

"Basi atabaki yeye." Fundi alionyesha dirisha la Mkunga.

Bwana Awamu aliinuka akachungulia ndani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetanguliza miguu," alisema Mkunga kutoka kitandani. "Mama yako alining'ata mkono siku ile. Kovu hili hapa."

"Nashukuru sana, mama," alisema Bwana Awamu kwa adabu. Akarudi kukaa. "Huyu naye..." alianza, akaishia hapo.

Dobi hakuwa mtu wa kupita karibu na mzaha bila kusimama. "Andika kibao, mkubwa," alisema. "Vikundi vyote tunavyovijua vimekufa, vibao vyao bado vimesimama."

Watu walicheka. Mama Mkaa alimpiga Dobi kofi la begani. Bwana Awamu peke yake hakucheka. Aliandika.

"Hilo jibu," alisema, "wengi huwa hawalipati."

Ruzuku ikapita. Awamu ya kwanza ilikuwa kibao. Awamu ya pili ingekuwa godoro, endapo kibao kingekutwa katika hali nzuri siku ya ukaguzi.

Walikuja mafundi wawili na gari la halmashauri, wakachimba shimo mbele ya dirisha la Mkunga, wakamwaga zege. Kibao chenyewe kilikuwa kama sinia. Kiliandikwa: Mradi wa Kuwatunza Wazee Wasioinuka, kwa Hisani ya Halmashauri. Fundi alikifuta vumbi kwa kitambaa kilichobaki kwenye gauni la bi harusi mmoja, na moyoni akakishukuru, kwa kuwa nyuma yake aliliona godoro.

Aliyegundua kwamba kinakua alikuwa Dobi. Alikuja kuanika mashuka ya Mkunga akakuta kamba imesukumwa pembeni.

"Kimeongezeka," alisema.

"Udongo wa hapa una rutuba," alisema Mama Mkaa. "Hata mchicha wangu hauchukui muda."

Kibao kikafikia ukubwa wa meza, halafu wa mlango. Maandishi yalikua pamoja nacho, ila si kwa kasi moja. Neno Halmashauri lilikwenda mbio, na neno Wazee likabaki nyuma, mpaka ikawa mtu wa kuliona ni Fundi tu, ambaye macho yake yalizoea tundu la sindano. Pipa la maji likaanza kukauka, kwa kuwa mizizi ya kibao ilikuwa imeingia chini yake. Muuza maji alipopita aliacha dumu moja la ziada mlangoni kwa Mkunga. Hakubisha hodi wala hakuja kulidai.

Tatizo lilikuwa rangi. Kitu kinachokua hupasua nguo zake, na kibao kila kukicha kilikuwa na sehemu mpya iliyo wazi. Bwana Awamu alileta makopo na ngazi.

"Kikipauka, awamu ya pili inakwama," alisema. "Mimi nawaonea huruma, lakini ndivyo ilivyo."

Fundi akapanga zamu upya. Aliyekuwa akija asubuhi kumgeuza Mkunga alipanda kwanza ngazi. Aliyekuwa akija mchana alimalizia upande wa juu, na akishuka, kama mikono haikuwa imelowa rangi, aliingia chumbani. Usiku hakuja mtu tena, maana wote walikuwa hoi. Fundi alijua alichokuwa akikifanya. Alikifanya kwa ajili ya godoro.

"Tuvumilie kidogo, mama," alimwambia Mkunga. "Likija utalala raha mustarehe."

"Pakeni tu, wanangu."

Mkunga hakuwa mtu wa kulalamika ovyo. Maisha yake yote alikuwa ameona maumivu yanayoishia kwenye kitu, mtu anapiga kelele na baadaye anapewa mtoto ambebe. Aliyatazama na haya yake kwa macho yale yale.

Kidonda kikawa kama mdomo wa kikombe. Wa kwanza kusikia harufu alikuwa Mama Mkaa. Siku iliyofuata alileta kapu la mkaa mzuri, ule mkavu anaowauzia wenye mahoteli, akalisukuma chini ya kitanda ili linyonye harufu, halafu akakaa na kumsimulia Mkunga habari za wateja wasiolipa, mpaka wote wawili wakasahau kwa nini kapu limeletwa.

Kibao kikaingia ndani kupitia ukutani. Kiliingia vizuri, ncha moja kwanza, bila kuangusha tofali hata moja. Kikasukuma kitanda kuelekea mlangoni kidogo kidogo, na siku kilipokifikisha kizingitini, mguu wa kitanda ukavunjika. Wakamtoa Mkunga uani. Dobi alileta nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, mashati ya watu waliohama na sare za shule za watoto waliokwisha kukua, wakazijaza kwenye magunia ya Mama Mkaa, na hapo wakamlaza, chini ya kivuli cha kibao. Kivuli kilikuwa kizuri. Hilo walikubaliana wote.

Fundi akaenda ofisini kwa Bwana Awamu, akasimama mbele ya meza yake.

"Naomba tukikate kidogo. Upande mmoja tu. Kimechukua chumba cha mgonjwa."

"Dada yangu, ile ni mali ya halmashauri. Ukikata kibao umekata mradi."

"Mgonjwa analala nje."

"Chini ya kibao?"

"Chini ya kibao."

"Basi hajatoka kwenye mradi," alisema Bwana Awamu, naye alionekana kufarijika kweli. "Nimeona vibao vingi, lakini hicho chenu kina bidii. Kuna kingine upande wa sokoni kilimeza kituo kizima cha watoto wasiosikia."

"Na wale watoto?"

"Kikundi chao kiko awamu ya tatu."

Siku ya ukaguzi alikuja Mheshimiwa, mwenyekiti wa halmashauri mwenyewe. Viti vilipangwa kivulini. Kwa kuwa upepo ulikuwa ukielekea kwenye viti, Bwana Awamu aliomba kwa upole Mkunga asogezwe nyuma ya kibao kwa muda mfupi. Fundi na Dobi walishika pembe za shuka wakamsogeza.

Mheshimiwa alikizunguka kibao, akakigonga kwa kidole, akainua uso kutazama kilipoishia. Akasema kimetunzwa. Akatoa ishara, na godoro likashushwa garini.

Lilikuwa la buluu, ndani ya nailoni yake, na kijipampu kimefungwa pembeni. Fundi aliligusa. Nailoni ikalia chini ya vidole vyake. Alikuwa amelifikiria muda mrefu kiasi kwamba alishangaa kuona ni jepesi.

"Tumlaze sasa hivi," alisema.

"Picha kwanza," alisema Bwana Awamu.

Wakaliegemeza godoro kwenye kibao, Mheshimiwa akasimama kando yake, mkono mmoja juu ya godoro. Mpiga picha akawaomba wanakikundi watabasamu, wakatabasamu. Na hapo kibao kikalichukua. Kililichukua kama udongo mkavu unavyochukua maji, kwanza ile pembe ya chini, halafu katikati, halafu kijipampu. Watu walipoanza kupiga makofi, godoro lilikuwa limeshakuwa mchoro, wa buluu ile ile, na juu yake amelala Mkunga. Alikuwa na mashavu yaliyojaa, nywele zimechanwa, miguu imenyooka, akitabasamu. Mchoro ulikuwa mzuri kuliko kazi ya mchoraji yeyote wa mjini.

"Haya ndiyo matokeo tunayoyataka," alisema Mheshimiwa, akafuta mkono wake kwa leso.

"Mheshimiwa," alisema Fundi, "godoro limeingia kwenye kibao."

"Nimeona. Limekaa vizuri."

Mheshimiwa alikuwa na vikundi vingine vya kutembelea. Fundi alimfuata Bwana Awamu mpaka kwenye mlango wa gari.

"Mgonjwa yuko nyuma kule, kwenye magunia."

"Dada, mgonjwa yuko kwenye godoro. Kila anayepita barabarani anamwona." Bwana Awamu alishusha sauti, kama mtu anayemsaidia ndugu yake. "Usianze kuomba tena. Halmashauri haiwezi kumpa mtu mmoja godoro mara mbili. Wengine nao watasema nini?"

Akamwachia makopo mengine ya rangi, akaondoka. Ilipita wiki moja kabla watu wa mitaa mingine hawajaanza kuja kukitazama kibao, wakiwa na watoto wao migongoni. Walisema Mkunga ametulia, na kwamba kikundi kile kina bahati.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile, viti vilipokwisha kuondolewa, walimrudisha Mkunga upande wa mbele penye kivuli. Alilala ubavu, akainua macho, akautazama mchoro kwa muda.

"Yule amelala vizuri," alisema.

"Ndiyo, mama," alisema Fundi.

"Nani anamgeuza?"

"Yule hahitaji kugeuzwa."

Tangu siku ile hakuna aliyemsikia Dobi akitania mbele ya mtu mwenye kalamu.

"Bahati yake," alisema Mkunga.

Fundi aliweka viganja vyake karibu na birika. Chai ilikuwa imepoa, akavisugua kwa nguo yake mpaka vikapata joto. Akashika pembe za shuka upande mmoja, Dobi akashika upande wa pili, wakamgeuza taratibu, bila kuburuza. Mkunga aliuma meno, akawaambia ahsanteni, wanangu. Mama Mkaa akamfunika miguu kwa lile gauni lake safi.

Walipomaliza, Dobi alikwenda kuchukua ngazi, kwa kuwa kule juu, kwenye shavu la yule mwingine, rangi ilikuwa imeanza kubanduka.