Ufagio wa Komadre Yokasta

Mume wangu Eligio alipoanza kurudi nyumbani kwa njia ya nyuma, ile inayopita kwenye tope la kiwanda cha sukari, nilijua kuna jambo. Mwanamume anayependa viatu vyake vyeupe kama yule hakanyagi tope bure. Njia ya mbele inapita mlangoni kwa jirani yetu Yokasta, na huyo ndiye Eligio aliyekuwa akimkwepa.

Nikampakulia wali na maharage, nikamnyima ukoko. Eligio bila ukoko ni kama hajala.

"Nurys, ukoko uko wapi?"

"Uko sufuriani. Sema kwanza."

"Niseme nini, mwanamke? Nina njaa."

"Basi kula tope uliloniletea sebuleni."

Akaweka uma chini, akasema. Nilitamani angeendelea kunyamaza.

Eligio ni mtafuta vipaji wa klabu moja ya besiboli ya Marekani. Huku kisiwani kwetu, San Pedro, mtoto haruhusiwi kusaini kabla ya kutimiza miaka kumi na sita, lakini klabu hazina subira hiyo. Zinamjia akiwa bado anapoteza meno, zinakubaliana na mama yake kwa mdomo, wanashikana mikono, wanakunywa kahawa, imekwisha. Kuanzia hapo mtoto ni wao, na klabu nyingine zinakaa mbali. Karatasi za kusaini huja Januari ya mwaka anaotimiza umri huo. Hivyo ndivyo Eligio alivyoshikana mkono na Yokasta kuhusu mwanawe Yeuri, na Yeuri nilimsimamia ubatizo mimi pamoja na Eligio. Kwa hiyo Yokasta si jirani tu, ni komadre wangu. Kwetu mtu anaweza kumdanganya padri akalala usingizi. Komadre hadanganywi.

Sasa klabu ilikuwa imeshika mkia misimu kadhaa, ikaamua kubomoa na kujenga upya. Mkuu wa zamani akafukuzwa pamoja na watu wake. Akaja mpya, Bwana Lindgren, akashika kila kitu mkononi mwake: nani auzwe, nani anunuliwe, hata mipira ya mazoezi. Na akatangaza kwamba hakuna senti itakayovuka bahari kuja kwetu mpaka yeye mwenyewe aridhike. Ahadi za mdomo za enzi ya wale waliofukuzwa, yeye hazitambui.

"Na Yeuri?" niliuliza.

"Yeuri ana neno la mdomo wangu tu, Nurys. Hana kingine. Na klabu zote zimeshagawa pesa zao za Januari hii. Akikosa hapa, amekosa."

Nikampa ukoko wake wote. Hakuugusa.

Jumamosi Yokasta akaja saluni kwangu kama kawaida, akakaa kitini, akanipa kichwa. Huyo mwanamke anafua nguo za watu tangu mumewe aende New York akapotelea huko, na kila Jumamosi anataka rola kama malkia. Mimi mdomo wangu haujui kupumzika, wateja wangu husema draya yangu ina kelele ndogo kuliko mimi. Siku hiyo nilizungusha rola moja baada ya nyingine bila kusema neno.

"Yeuri anasema akisaini, kitu cha kwanza ni mashine ya kufulia," Yokasta akasema kwenye kioo. "Nikamwambia, mjinga wewe, nikiwa na mashine nitamsengenya nani pale bombani?"

Nikacheka. Kicheko chenyewe kilitoka kimepinda. Nilijichukia, na nilimchukia Lindgren ambaye sijawahi kumwona.

Wiki iliyofuata Lindgren akatua. Akaketi kwenye akademi ya klabu kule Boca Chica, awasikilize wote wanaodai kuahidiwa. Eligio akapiga pasi shati alilovaa ubatizo wa Yeuri, akaenda. Alirudi kwa njia ya nyuma.

"Amesemaje?"

"Ameniuliza ushahidi. Nikamwambia, mimi ndiye niliyeahidi, na siwezi kusema uongo juu ya mtoto huyu, ni mwanangu wa ubatizo." Akavua viatu. "Akaandika kitu, akasema, basi wewe ni ndugu wa familia, wewe si shahidi."

"Mungu wangu!"

"Anasema tangu atue, kila mama wa Boca Chica mpaka Romana anadai mwanawe aliahidiwa. Na kweli, Nurys, nimewaona pale nje, wengine watoto wao hata kudaka hawajui."

Yaani kile kinacholifanya neno la Eligio liwe kiapo mtaani kwetu, ndicho kilicholifanya takataka mbele ya mgeni. Nilizunguka jikoni nikipiga milango ya kabati. Nikamtukana Lindgren, nikamtukana aliyebuni besiboli, nikashika ufagio nifagie lile tope, nikasimama nao mkononi. Ufagio!

Mwaka uliotangulia, Fausto, mtafuta vipaji wa klabu nyingine na adui wa Eligio tangu shuleni, aliingia kwa Yokasta na ofa kubwa kuliko yetu. Mtaa mzima ulimwona akitoka mbio, kofia imemdondoka, na Yokasta nyuma yake na ufagio, akipiga kelele kwamba yeye haachi mbachao kwa msala upitao. Tulicheka wiki nzima.

Nilimkuta Fausto kwenye duka la kona, akicheza domino.

"Doña Nurys! Umekuja kunichapa na wewe?"

"Nimekuja kukuomba uende Boca Chica, ukamwambie Lindgren jinsi ulivyochapwa."

Wenzake wakaangua kicheko, mmoja akamwaga bia. Fausto hakucheka. Nilimweleza yote palepale mbele yao, aibu nilikuwa nimeiacha nyumbani.

"Huwezi kumchukua wewe mwenyewe?" nikamalizia.

"Mfuko wangu mtupu. Pesa zote zilikwenda kwa mvulana mmoja wa Baní, mama yake hana ufagio." Akaweka domino yake mezani taratibu. "Eligio angenifanyia mimi hivi?"

Ningeweza kudanganya. "Hapana," nikasema. "Angefurahi mwezi mzima."

Hapo ndipo alipocheka. "Angalau wewe ni mkweli." Akasukuma kiti nyuma. "Doña, sisi watafuta vipaji sote tunakula kwa mdomo. Huyu mtu akifuta neno la Eligio leo, kesho nani atanifungulia mlango mimi? Twende. Lakini habari ya kofia usiiseme."

Kule akademi tulimkuta Lindgren, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala, na Kihispania chake kilikuwa cha darasani. Eligio, aliyekuwa pale kazini, alipomwona Fausto akiingia nami, rangi ilimtoka.

"Bwana," Fausto akasema, "mimi si ndugu wa mtu hapa. Huyu Eligio tungekutana baharini anazama, ningefikiria kwanza. Lakini mwaka jana nilikwenda kwa mama wa Yeuri na pesa nyingi kuliko zenu. Akanifukuza na ufagio. Akasema ameshatoa neno kwa klabu yenu."

"Ufagio?" Lindgren akauliza, akidhani hakuelewa.

"Ufagio," Fausto akasema, akajipapasa bega. Kisha, Mungu ambariki, akaongeza mwenyewe: "Na kofia ilianguka."

Lindgren alimtazama muda mrefu. "Klabu yenu ilimtaka kwa zaidi ya hizi zetu?"

"Hata leo ningekuwa nazo, ningekuwa mlangoni kwake nimevaa helmeti."

Nikaona uso wa yule mtu ukilegea. Sijui kama ni kwa ajili ya neno la Yokasta au kwa sababu alikuwa amepata kwa bei ndogo kitu ambacho jirani alikitaka kwa kubwa. Labda vyote viwili, na siulizi. Alifungua kompyuta yake, akaandika, akampa Eligio mkono.

"Januari, kama mlivyokubaliana," akasema. "Lakini kuanzia leo, ahadi zote natoa mimi."

"Zote, bwana," Eligio akasema. "Chukua zote." Alipotoka nje akakalia kreti ya soda na kuvuta pumzi kama mtu aliyetua gunia. Fausto akamnunulia juisi. Hawakutazamana, lakini Eligio aliinywa.

Tulirudi kwa njia ya mbele. Eligio alitembea katikati ya barabara na viatu vyake vyeupe, akimwamkia hadi mbwa. Yokasta alikuwa anaanika mashuka. Yeuri alikuwa juu ya paa akirekebisha bati, na Eligio akamfokea ashuke upesi kabla hajavunjika mguu.

"Komadre," nikaanza, "kuna jambo tulikuficha, ila sasa limekwisha, Januari iko palepale..."

"Najua," Yokasta akasema. Akaketi ghafla juu ya beseni la nguo mbichi. "Ah, Mungu wangu. Asante. Asante." Machozi yakamtiririka, hakuyafuta.

"Unajua nini?"

"Jumamosi hukusema neno, Nurys. Wewe! Nilitoka saluni nikamwambia Yeuri, mwanangu, timu imekwenda."

"Na hukuniuliza? Umekaa na hilo moyoni siku zote hizi, hukuja hata kunitukana?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mjinga.

"Ningekuuliza, ungelazimika kunijibu. Ukinidanganya, nimekukosa. Ukisema kweli, Eligio asingeweza tena kupita hapa. Yeuri ana mikono, angepata hata kazi ya kukata miwa. Mimi komadre mwingine ningemtoa wapi?"

Nikakaa naye juu ya beseni, nguo mbichi zikanilowesha sketi, na tukalia wote wawili mpaka Eligio akauliza kama katika nyumba hii kuna ukoko.