Muthokoi wa Munyiva

Mwaka ule pundamilia walitoka mbugani wakaingia mashambani Kitengela, naye Kamene akavuna mahindi yakiwa bado na unyevu, kabla hayajaliwa yote. Ghala hakuwa nalo. Aliyapanga magunia ya nailoni chini kwenye sakafu ya udongo, kando ya kitanda cha mama mkwe wake, Munyiva, wezi wasiyafikie. Mumewe, Munguti, alikuwa akiishi kazini huko kwenye machimbo ya mawe. Mvua ikanyesha mfululizo. Walipokuja kufungua gunia, punje zilikuwa zimeshikana, zina ukungu wa kijani, na joto linatoka ndani.

Kamene alitaka kuyatupa. Munyiva akamwambia taratibu kwamba aliyeona njaa ya Ukambani hatupi chakula. Ukungu hukaa kwenye ganda. Mahindi yakitwangwa yakawa muthokoi, ganda linatoka na ubaya wake. Akayaosha, akayatwanga mwenyewe, akapepeta hadi punje zikawa nyeupe kabisa. Makapi akawamwagia kuku.

Kuku wakafa.

“Ni haya mahindi, mama,” Kamene alisema.

“Ni kideri, ule ugonjwa wa kuku. Mwaka jana walikufa pia. Ama hata hao walikula mahindi yako?”

Kamene alicheka kidogo, maana ilikuwa kweli. Lakini jioni alisema tumbo linamsumbua, akanywa chai kavu. Munyiva akala peke yake, siku hiyo na zilizofuata.

Kisha macho ya Munyiva yakageuka manjano, tumbo likavimba. Hospitalini daktari aliuliza amekuwa akila nini. Alipojibiwa, akauliza kama chakula hicho kimebaki.

Siku ya matanga ya Munyiva, wanawake wa kanisa waliteka maji, wakabandika sufuria kubwa. Nzisa, dada yake Munguti, akatoka chumbani amekumbatia karai la muthokoi.

“Huu mama alitwanga mwenyewe,” alisema. “Wacha tule chakula cha mkono wake mara ya mwisho.”

Kamene alitazama moto, akatazama watoto waliokaa wakingoja. Akainuka, akalishika karai.

“Usipike, Nzisa. Huu ndio ulimuua.”

Nzisa hakuliachilia karai.

“Mlikuwa mnakula pamoja. Mbona wewe uko mzima?”

“Mimi sikula,” Kamene alisema.