Wadhamini wa Wodi ya Sita

Jambo la kwanza aliloliona lilikuwa pindo. Katika chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka yalikunjwa pindo likiwa nje, ili manesi wayashike upesi. Machache tu, matatu au manne kwa siku, yalikunjwa pindo likiwa ndani na kuwekwa chini kabisa ya rundo, ambako yalikaa siku mbili bila kuguswa. Hakuna aliyeamuru hivyo. Alipouliza, Mama Pasi, kiongozi wa akina mama wafuaji, alimjibu kwamba ndivyo wanavyokunja. Ilimchukua mwaka mzima kugundua kwamba yalikuwa mashuka ya waliofariki, na kwamba akina mama wale walikuwa wakiyapumzisha.

Wenzake walimwita Kimya. Aliacha shule darasa la tano, mwaka ambao dada yake alianza sekondari, na nyumbani walisema ni kwa muda tu. Muda huo sasa ulikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa na daftari moja ambamo aliandika, kwa herufi kubwa kubwa, mambo ya kazini na ya wodi ya sita, alikopeleka mashuka: wa kitanda namba tisa hulala upande wa ukutani; wa kitanda namba tatu hushika ncha ya shuka usiku kucha, alama za vidole hazitoki hata kwa maji ya moto. Hakumwonyesha mtu. Siku moja tu, wakimenya viazi, alimweleza dada yake habari za pindo.

Dada alikuwa na shahada, na alikuwa akiomba nafasi ya uzamili wa anthropolojia, elimu inayochunguza watu na desturi zao. Alikuwa amekwama kwenye andiko la utafiti kwa wiki sita. Aliweka kisu chini, akaliomba daftari, na kufikia Jumapili andiko lilikuwa limekamilika. Kimya alilisoma jikoni, kidole kikifuata mistari, akafika mahali palipoandikwa: "Katika miezi yangu kumi na miwili ndani ya chumba cha kufulia, niligundua." Dada hakuwahi kuingia chumba kile, harufu ya dawa humuumiza kichwa. Kimya alisema maandishi yamependeza.

Kilichobaki ni wadhamini. Fomu ilitaka barua tatu za watu walioiona kazi ya mwombaji kwa macho yao. Mhadhiri wake wa zamani alikataa kistaarabu, akisema hakuwahi kumwona akichunguza chochote. Mama yao alianza kukosa hamu ya kula.

Jumamosi, saa kumi alasiri, wadhamini walikuja wenyewe. Walikuwa watatu, wote wamefia wodi ya sita: fundi saa wa kitanda namba tisa, mwalimu mstaafu wa kitanda namba tatu, na dereva wa lori aliyelazwa siku mbili tu. Kila mmoja alikuwa amejitanda shuka lake, pindo likiwa ndani. Walifuta miguu mlangoni. Kimya aliwaamkia, wakaitikia, Mama akamtuma alete chai. Hawakunywa, lakini walishika vikombe kwa adabu, na chai ikapoa upesi kuliko kawaida.

Fundi saa alisema wamesikia kuna fomu. Barua wamekuja nazo. Wanamtafuta mwombaji.

"Ni huyu hapa," Mama alisema, akimsogeza Dada mbele.

Mwalimu mstaafu alimtazama Dada kwa juu ya miwani, kama anayetafuta jina kwenye orodha ya mahudhurio.

"Huyu simjui, mama," alisema. "Namjua yule aliyeshika birika."

Mama alieleza bila kupandisha sauti. Yule wa birika hana shahada, hana hata cheti cha shule ya msingi, fomu haimruhusu. Hawa wawili ni wa tumbo moja, na akipita mmoja wamepita wote. Dereva alisema ameendesha malori mengi yenye jina la mtu mwingine ubavuni, kwa hiyo anaelewa. Alicheka peke yake. Fundi saa alisema marehemu hawana ruhusa ya kuandika wasichokiona, ila wakiandika walio hai, hiyo ni shauri yao. Basi nafasi ya jina wakaiacha wazi. Barua zilisema kwamba mwombaji huona yasiyosemwa, husikiliza bila kumkatiza mtu, na kwamba mikononi mwake shuka chafu halikuacha kuwa la mtu. Dereva, ambaye hakujua kuandika, alitia dole gumba. Lilikuwa baridi, karatasi ikajikunja kidogo.

Dada aliinama mezani, akajaza jina lake mara tatu kwa mwandiko mzuri. Wageni walitazama. Walipoaga, Kimya aliwasindikiza hadi kona ya barabara. Hapo fundi saa alimuuliza kama kuna lolote angependa kusema.

"Hakuna, mzee," alijibu.

Chuo kilipiga simu kuhakiki. Mwalimu mstaafu alipatikana kwa namba aliyoiandika kwenye barua yake, na alijibu vizuri. Baada ya miezi miwili ikaja barua ya kumkubali Dada, ikiwasifu hasa wadhamini. Mama aliisoma kwa sauti mara mbili. Dada alimkumbatia mdogo wake kwa muda mrefu, tena kwa dhati, akamwambia hatamsahau, akaondoka na daftari.

Hakumsahau. Humpigia simu kila Alhamisi, wakati wa mapumziko ya mchana. Wiki iliyopita alitaka kujua mashuka ya watoto hukunjwaje. Kimya, akiwa ameegemea rundo la foronya, alimweleza kwamba hayo hayakunjwi, huviringishwa, na Mama Pasi huifanya kazi hiyo mwenyewe, amewapa wengine mgongo. Alieleza mpaka mwisho. Na kwa kuwa Dada alikuwa bado akiandika, maneno yakapata nafasi ya kupita.

"Lile pindo nililiona mimi, Dada."

Kalamu ikasimama.

"Rudia polepole," Dada alisema. "Naandika."

Akarudia, polepole.