Tangazo la Mwizi

Binti yangu alipochaguliwa kuingia programu ya wanagenzi wa masoko katika ile kampuni kubwa ya simu, nilimwambia mambo mawili: hongera, na usijisahau. La kwanza alilisikia.

Walikuwa vijana wengi, na mwishoni wangebakizwa wachache. Kila mmoja alipewa tangazo la kubuni. Lake lilihusu huduma mpya ya kutafuta simu iliyoibwa. Akabuni kitu cha kuchekesha: mama anaisaka simu yake nyumba nzima, anamgombeza kila mtu, kumbe inaita ndani ya ndoo ya unga. Nilicheka sana, maana yule mama alikuwa mimi mtupu.

Mkurugenzi wa ubunifu hakucheka. Huyo ndiye aliyewasimamia, na mimi nilimwita Viatu Vyeupe. Mtu mzima anayetembea mjini na viatu vyeupe visivyo na doa, ujue kuna mwingine anayekanyaga tope kwa niaba yake.

"Amesema haliumi," binti alituambia mezani. "Tangazo lazima liume. Anataka mwizi, anataka kukimbizana, anataka sura za watu wa kweli."

"Watu wa kweli gani?"

"Wa hapa mtaani, mbele ya maduka. Kamera zinafichwa ndani ya gari."

"Na mwizi?"

Mdogo wake, tunayemwita Mrefu, akainua uma. "Mwizi mbele yenu. Nimeshaanza na nyama ya dada."

"Watu watajulishwa?" nikauliza.

"Wakijulishwa wataigiza, mama."

"Wasipojulishwa wataua."

"Wewe unaona vifo kila mahali."

"Nauza nondo na nyundo mtaa ule. Anayekimbia pale na simu ya mtu anakimbia na roho yake mkononi."

"Kutakuwa na wenzetu wamevaa vizibao vya njano. Mambo yakizidi wanaingia kati."

"Hivyo vizibao nivione kwa macho yangu."

Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Mrefu ndiye aliyemaliza. "Mama, dada akikosa nafasi hii utaweza kukaa na ule mdomo wake ndani ya nyumba? Mimi siwezi. Acha nikimbie." Alikuwa anakimbia kwa ajili ya dada yake, na dada yake alilijua hilo.

Asubuhi ya kupiga picha nilisimama mlangoni pa duka langu nikitafuta vizibao vya njano. Sikukiona hata kimoja. Baadaye niliambiwa Viatu Vyeupe alivitazama kwenye kioo cha kamera, akasema vinachafua picha, vivuliwe. Nilikuwa nimeshusha mguu mmoja barabarani kwenda kuuliza, ndipo binti yangu akapiga kelele.

"Mwizi! Mwizi huyo!"

Mrefu akapita mbele yangu, simu mkononi, anacheka. Fundi viatu alinyoosha mguu tu, bila hata kuinuka kwenye kigoda. Mwanangu akaanguka kifudifudi, meno yakagonga ukingo wa mtaro. Aliinua uso kusema kuwa ni mchezo, na mtu mmoja akampiga teke la mdomo, lile neno likarudi kooni na damu yake.

Kisha sikumwona tena. Niliona migongo. Niliona mikono ikipanda na kushuka kama ya watu wanaotwanga kwa zamu. Waliokosa nafasi ya kupiga walisukuma wenzao wapate nafasi. Mmoja alivua mkanda, akauzungushia kiganjani, upande wa chuma ukabaki nje.

Sikupiga mayowe. Ndani ya kundi mayowe hayasikiki, mpini unasikika. Nikachukua mpini wa sururu dukani, nikaanza na miguu, maana mtu akipigwa muundi huinama mwenyewe. Wa kwanza akainama. Wa pili nikampiga kiwiko, mkanda ukamtoka. Nikapita juu yao. Mwanangu alikuwa amejikunja, mikono kichwani, na mkono mmoja ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Fundi wa kuchomelea, jirani yangu, mtu wa kunisalimia kila asubuhi kabla sijafungua kufuli, alikuwa ameinua nondo kwa mikono miwili. Nilimpiga kifundo cha mkono. Kikalia kama kuni kavu. Akageuka, akanitwanga ngumi ya shavu kwa mkono uliobaki, ndipo akanitambua.

"Mama?"

"Huyo ni wangu," nikamwambia, nikajilaza juu ya mwanangu.

Kipigo hakikukoma mara moja. Mateke mawili matatu yaliyokuwa njiani yalinifikia mimi mbavuni. Kikapungua kidogo kidogo, kadiri habari ilivyopita kutoka mdomo hadi mdomo kwamba huyu ni mtoto wa mama wa vifaa vya ujenzi.

Hospitali walimfunga taya kwa waya na mkono kwa plasta. Jicho la kushoto daktari hakuahidi kitu. Fundi wa kuchomelea alikuja kututazama, mkono wake mwenyewe umefungwa bendeji.

"Mama, tungejua ni mtoto wako tusingemgusa."

"Na angekuwa wa mwenzangu?"

"Si tulisikia mwizi."

"Nimekuuliza swali."

Akaitazama bendeji yake, akaaga.

Siku iliyofuata Viatu Vyeupe akaja wodini na binti yangu nyuma yake. Alitoa pole, pole nzuri, ya mtu aliyesomea. Kisha akatoa tableti.

"Mama, nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi, sijawahi kuona picha zenye nguvu hivi. Tumebadilisha mwelekeo. Mwisho wa tangazo tunaandika: Usimpige mtu, itafute simu. Litaokoa maisha."

"Matibabu mnalipa?"

"Kijana akikubali picha zitumike, kila kitu kinalipwa. Na dada yake anapata ajira ya kudumu."

"Asipokubali?"

Akanyoosha suruali yake magotini. "Litaangaliwa."

Binti akanishika mkono. "Mama, ameshapigwa. Tukikataa, atakuwa amepigwa bure."

"Na tukikubali, atakuwa amepigwa kwa ajili ya nini?"

"Ili mwingine asipigwe."

"Ulilifikiria hilo kabla au baada?"

Mrefu, ambaye hakuweza kusema, alinyoosha mkono mzima kuitaka tableti. Viatu Vyeupe akampa haraka, kama muuzaji aliyeona mteja amelegea. Nikainama kutazama naye.

Sikutazama kipigo. Nilikuwa nimekiona. Nilimtazama binti yangu, kando ya picha. Ameshapiga kelele, kazi yake imekwisha, nyuma yake mdogo wake anauawa, na yeye amesimama wima, mikono chini, uso umeelekea kwenye gari la kamera. Anatazama gari. Anaendelea kutazama gari.

"Ulikuwa unangoja nini?" nikamuuliza.

"Tulifundishwa tusivunje picha mpaka mkurugenzi aseme kata."

"Akasema?"

Viatu Vyeupe akakohoa. "Kila mtu aliduwaa, mama. Ilikuwa ghafla."

"Hakuduwaa," binti akasema. Midomo ilikuwa imemkauka. "Alinionyesha kidole gumba. Kwamba ni nzuri, niendelee kusimama hapo hapo."

Mrefu akaweka tableti kifuani. Akauinua ule mkono wa plasta, polepole, maana ulikuwa mzito, akampiga nao dada yake mdomoni. Damu ikamchuruzika kidevuni. Hakurudi nyuma, na mimi sikuingilia.

Binti akameza damu, akamgeukia bosi wake. "Picha hazitumiki."

"Si wewe wa kuamua."

"Yeye hajakubali, na sauti inayoita mwizi ni yangu. Nayo siitoi."

"Sauti hubadilishwa."

"Basi ibadilishe, na mimi nitamwambia kila atakayeuliza nani alinionyesha kidole gumba."

"Jumatatu usihangaike kuja," Viatu Vyeupe akasema, akanyakua tableti. Mrefu alikuwa bado ameishikilia. Yule bwana akavuta, ikagonga mkono uliovunjika, na mwanangu akatoa mlio kupitia zile waya, mlio wa mnyama aliyenaswa.

Nilimkamata Viatu Vyeupe kwa ukosi wa shati, nikamgongesha kichwa kwenye fremu ya mlango. Mara moja, na wala sikukosea kipimo. Nyusi ikapasuka. Muuguzi akaja mbio kuuliza kuna nini.

"Mgeni anatoka," nikasema.

Akatoka na tableti yake. Kushtaki alikuwa huru kushtaki. Na mimi nilikuwa na ya kusema.

Binti akanawa mdomo kwenye sinki la wodi. Akachukua kikombe cha maziwa chenye mrija, akakaa ukingoni mwa kitanda, akauelekeza mrija kwa mdogo wake. Mrefu akageukia ukutani.

"Mpe wewe, mama," binti akaniambia.

"Mbavu zinaniuma. Shika hivyo hivyo."

Akashika. Mkono ukamchoka, maziwa yakamwagika kidogo kwenye shuka, akakihamishia kikombe mkono wa pili. Mrefu alikuwa bado anatazama ukuta.