Ghorofa Tano za Mzee Kitheka

Jumatatu saa mbili asubuhi lori la mawe liliingia kinyumenyume kwenye ploti ya Mzee Kitheka, Mlolongo, na Ndunda akaivuta miguu yake kwa mikono isije ikakanyagwa. Alikuwa ameketi nje ya mlango wake kwenye kiti cha magurudumu, ananoa tindo ya mkata mawe mmoja wa machimbo ya pale nyuma. Alimaliza upande mmoja, akapima makali kwa kidole gumba, akageuza upande wa pili. Kisha akayatazama mawe yakimwagwa.

"Ni ya inchi tisa kwa tisa," alimwambia mkewe. "Ya ukuta. Anaongeza tena."

Pauline alikuwa anaanika nguo. Aliendelea kuanika mpaka beseni likabaki tupu, kisha akaenda kukitazama kizingiti cha mlango. Kilikuwa bado sawa na ardhi.

Nyumba ya Kitheka ilipewa kibali cha ghorofa tano, na ukisimama barabarani ukahesabu utapata tano. Kila mwaka, mvua za Aprili zikishakatika, Kitheka huongeza moja juu. Kila mwaka nyumba hushuka moja. Udongo wa pale ni mweusi, wa kunata, na huipokea nyumba polepole bila ufa na bila kelele. Kozi moja, yaani safu moja ya mawe, ikipangwa juu, chini nyumba inazama shibiri moja. Kufikia mwaka huu ghorofa zilikuwa tisa, tano zikiwa juu na nne chini ya ardhi, na zote zilikuwa na watu. Huko chini maji ya mfereji hayakatiki, na joto la Januari halifiki. Simu haishiki. Madirisha yanatazama udongo.

Pauline na Ndunda walihamia pale wakati nyumba ilikuwa na zile tano tu. Walipewa chumba cha juu kabisa, na Ndunda, ambaye siku hizo alikuwa mkata mawe, alizipanda ngazi zote akiwa na godoro kichwani. Mwaka wa pili gema la machimbo lilimwangukia kiunoni. Alipotoka hospitalini chumba chao kilikuwa kimebakisha ngazi mbili kufika chini, na majirani walimbeba. Mwaka uliofuata ikabaki ngazi moja. Mwaka jana mlango wao ulifika chini, na asubuhi moja Ndunda aliusukuma mwenyewe akatoka nje na kiti chake, akakaa juani mpaka saa sita.

Tangu siku hiyo aliacha kumwambia Pauline arudi kwao Kangundo akatafute mwanamume mwenye miguu. Wakata mawe walianza kumwachia tindo na nyundo wakienda kazini asubuhi, wakichukua jioni. Mlango ule ndio uliokuwa kazi yake.

Jumatatu hiyo mafundi walipanga kozi moja. Jumanne asubuhi Pauline alitengeneza mteremko wa mbao ili kiti kiweze kupanda shibiri moja kutoka ndani kwenda nje.

Mzee Kitheka alikuja saa nne. Alikuwa mtu wa adabu. Alitafuta mtungi wa plastiki, akaugeuza, akaketi usawa wa Ndunda, akamsalimu kwa Kikamba.

"Ndunda, wimuseo?"

"Nimuseo, mzee."

"Naona kazi iko."

"Iko. Na yako pia naiona."

Kitheka alitikisa kichwa kukubali, kisha akamgeukia Pauline, akamwita kwa jina la mtoto wake aliyekuwa shule ya bweni. "Mama Kavata, Alhamisi afisa wa majengo anakuja. Unamjua, Musembi. Atakuuliza nyumba iko na ghorofa ngapi, kwa sababu uko na mlango wa chini. Mwambie tano."

"Na sisi tutaenda wapi?"

"Nitawapa chumba kipya, juu kabisa. Kiko na upepo mzuri. Vijana watambeba Ndunda. Na baada ya miaka minne tu, mtakuwa mmefika hapa chini tena."

"Mzee," Ndunda alisema, "mimi nilishakaa huko juu kama gunia la makaa. Nikitaka kuona jua naomba ruhusa."

"Ama mbaki hapo hapo mshuke na chumba chenu," Kitheka alisema bila ukali. "Mimi sifukuzi mtu." Aliinuka, akaurudisha mtungi mahali pake, akaenda kuhesabu mawe.

Ndunda alichukua tindo nyingine. "Amua wewe," alimwambia mkewe. "Ni wewe utabeba sufuria ngazi nne."

"Mzee akibomolewa nyumba, tutalala nje."

"Nje kuko na jua."

Afisa Musembi hakuwa mtu mbaya. Alifuata kanuni, na kanuni ilitaka mashahidi wawili, wote wawe wakazi wanaoonekana kutoka barabarani. Mwaka jana Mutindi, mjane aliyekuwa na mlango wa chini wakati huo, alimwambia ukweli. Musembi akatafuta shahidi wa pili, akapanda ngazi moja, akamkuta Pauline anachambua maharagwe. Pauline alisema tano. Siku ile kizingiti cha Mutindi kilikuwa kimeshazama shibiri sita, na mlango wa Pauline ulikuwa unakaribia ardhi. Mutindi alishuka na nyumba, na tangu hapo Pauline hakuwahi kwenda huko chini.

Jumatano jioni, kozi zikiwa tatu, Pauline alipanda kwa Carol, jirani wa juu yake. Carol alikuwa akipangusa mashine mbili za kukausha nywele zilizofunikwa nailoni. Ukutani aliegemeza kibao kilichoandikwa saluni, rangi ya waridi, bado kipya.

"Carol, kesho nitasema tisa. Nataka na wewe useme."

Carol aliendelea kupangusa. "Mama Kavata, ukisema tisa, tingatinga litakuja. Sisi wote tutalala nje na watoto. Wewe ndiye utatupeleka kwako?"

"Ndunda hawezi kupanda ngazi."

"Najua. Pole. Lakini mimi nimengoja huo mlango wa barabara miaka mitatu. Nikisuka mtu huku juu, nani ananiona?" Alikunja kitambaa. "Kila mtu na zamu yake. Si ndivyo ulimwambia Mutindi?"

Ndivyo. Pauline alikumbuka hata mahali aliposimama alipoyasema. Aliaga, akashuka.

Alhamisi Musembi alikuja saa tano na mkebe wa rangi nyekundu, brashi na faili. Kizingiti kilikuwa kimezama shibiri nne, na ilimbidi ainame kuongea na Pauline kupitia nusu ya juu ya mlango. Nyuma ya Pauline, Ndunda alikuwa ndani kwenye kiti. Mteremko wa mbao ulikuwa umekuwa mkali mno kwake, na tindo za siku hiyo ziliteremshwa ndani moja moja kwa kamba.

"Hii nyumba iko na ghorofa ngapi?" Musembi aliuliza.

"Tisa. Ya kumi inajengwa."

Musembi aliandika. Alipanda ngazi kwa Carol, akakaa dakika mbili, akarudi.

"Shahidi wa pili anasema tano. Na mimi nikihesabu naona tano, na ukuta wa juu."

"Shuka uone."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Musembi alifungua faili, akasoma ukurasa mmoja, akaona hakuna kanuni inayomkataza kushuka. Akaingia.

Kitheka alikuwa juu na mafundi. Alisimamisha kazi ili asikie vizuri. Wapangaji wa juu walitoka wakaegemea vyuma vya ngazi, wakawatazama wawili hao wakishuka. Mmoja alisema, "Huyo mwanamke ametumaliza," na wengine hawakumpinga.

Ngazi ya kwanza chini walimkuta Mutindi anapepeta muthokoi, mahindi ya kukobolewa, chini ya taa ya umeme. Alisimama kumpa mgeni mkono.

"Karibu, afisa. Wewe umenenepa tangu mwaka jana."

"Ni kukaa ofisini, mwaitu," Musembi alisema, kama vile kijana anavyomwita mama wa umri ule, na akaandika sita, akafuta, akaandika moja chini.

Ya pili chini kulikuwa na familia mbili na cherehani. Ya tatu kulikuwa na mtu anayelala mchana kwa sababu alikuwa mlinzi. Ya nne, ya mwisho, ilikuwa ya Muthoka, mzee aliyepanda uyoga kwenye ndoo. Muthoka alifungua mlango kuwaonyesha udongo uliosimama nje yake, wima, safi kama umekatwa kwa kisu. Upande wa nje wa mlango huo ulikuwa na X kubwa nyekundu, alama ya nyumba ya kubomolewa.

Musembi aliinama akaitazama. "Hii ni yangu," alisema.

"Ni yako," Muthoka alisema. "Mwaka ule wa kwanza, kabla nyumba haijajua kushuka. Ulikuja ukahesabu sita, ukapaka. Wiki iliyofuata ikawa huku."

"Rangi haijapauka."

"Itapaukaje? Haioni jua."

Musembi aligusa rangi kwa kidole, akatingisha kichwa, akapanda ngazi zote. Alipofika kwa Pauline alifungua mkebe. "Nimeona kwa macho yangu," alisema, "hapo sihitaji shahidi." Baada ya siku saba angerudi na tingatinga. Alichovya brashi.

"Paka juu," Pauline alimwambia. "Paka pale juu kabisa, ama kwa ukuta wa ghorofa ya nne. Hapa itazama."

"Kanuni inasema mlango wa chini, usawa wa macho."

"Macho ya nani? Mlango umeshafika kifuani."

Musembi alifikiria hilo kwa haki. Kisha akapiga magoti, akapaka X kwenye mlango wa Pauline, mistari miwili iliyonyooka, akaandika tarehe kando. Alifunga mkebe wake akaondoka.

Mzee Kitheka alishuka akaitazama alama. Hakukasirika. Aliuliza kama rangi imekauka. Kisha akapiga simu kuita mafundi wengine sita.

Siku zilizofuata walipanga kozi mbili kwa siku. Pauline aliamka kila alfajiri kupima kwa mkono. Ijumaa Ndunda aliona miguu tu ya wapita njia. Jumamosi aliona viatu. Jumapili mafundi walienda kanisani, na Ndunda alikaa siku nzima akitazama mwanya uliobaki, upana wa shibiri tatu, ambao jua lilipitia likaweka mstari mwembamba sakafuni. Aliufuata mstari huo kwa kiti, kutoka kitandani hadi jikoni. Hakunoa kitu.

"Siku nne," Pauline alimwambia. "Musembi ni mtu wa tarehe."

"Mimi naogopa mafundi. Hao pia ni watu wa tarehe."

Jumatatu mwanya ulibaki shibiri moja. Jumanne ulizibika. Udongo ulisimama nje ya mlango na haukuingia ndani hata punje. Jumatano walimwaga zege la slabu, na mlango wa Carol ukafika chini, sawasawa na barabara. Alitoa nailoni kwenye mashine, akatundika kibao.

Alhamisi saa nne tingatinga lilisikika kutoka barabara kuu. Wapangaji walitoa watoto nje na magodoro yao. Pauline alipanda ngazi mbio, akatokea kwenye saluni ya Carol akiwa na vumbi kichwani. Musembi alikuwa amesimama mbele ya mlango mpya wa chini, faili mkononi, anatafuta. Alizunguka nyumba mara mbili. Dereva wa tingatinga hakuzima injini.

"Alama iko wapi?" Musembi aliuliza.

"Iko chini," Pauline alisema. "Iko kwa mlango wangu. Unajua uliipaka."

"Najua. Lakini alama inatakiwa ionekane kutoka barabarani. Dereva hawezi kuvunja nyumba isiyo na alama."

"Basi paka nyingine."

"Hiyo ni kesi mpya," Musembi alisema. Akamgeukia Carol, aliyekuwa na kichwa cha mteja katikati ya mikono yake. "Hii nyumba iko na ghorofa ngapi?"

Carol hakumtazama Pauline. "Tano," alisema.

Musembi alirudi nyuma hadi barabarani, akahesabu kwa kidole, akapata tano. Akaandika. Tingatinga lilihitaji nafasi kubwa ya kugeuka, na watoto wakaondolewa njiani tena, mara hii wakirudi ndani.

Mchana huo Mutindi alipanda ngazi moja na sahani ya muthokoi iliyofunikwa. Pauline alipokea. Alitaka kusema neno kuhusu mwaka jana, na Mutindi akaliona linakuja.

"Kula, kitapoa," Mutindi alisema. "Mwaka wa kwanza utakuwa unafungua dirisha kila asubuhi. Baadaye unaacha."

Ndunda hakuacha. Kila asubuhi saa mbili alifungua mlango uliotazama ukuta wa udongo, akasukuma kiti hadi kwenye kizingiti, akaketi pale uso kwa uso na udongo huku X ikiwa ubavuni mwake, akanoa. Tindo ziliteremshwa kwa kamba kwenye ngazi asubuhi na kuvutwa jioni. Wakata mawe walisema makali yake yamekuwa mazuri kuliko zamani, kwa sababu hana kinachomwita macho.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokatika, tindo ziliongezeka mara mbili. Ndunda alijua maana yake kabla ya lori kufika. Alizinoa zote, maana wakata mawe nao wana watoto.

Jumanne Carol alishuka ngazi kwa mara ya kwanza. Alikuwa bado na kitana mkononi. Alisimama akatazama X, akatazama udongo.

"Mama Kavata, yule afisa anakuja Alhamisi," alisema. "Nilikuwa nataka uje juu useme na mimi."

"Shahidi ni wa juu. Muulize jirani wa juu yako."

"Nimemuuliza."

"Akasemaje?"

Carol alikipitisha kitana kwenye kiganja chake, mara moja, mara ya pili. Mlangoni tindo iliendelea kulia kwenye jiwe.

Pauline alivuta stuli kutoka chini ya meza, akaipangusa kwa leso.

"Kaa basi," alisema. "Uanze kuzoea."